Mfalme Aliyegeuka Tunda

Wiki ile ya Krismasi ya 2024, mama alinipigia simu saa tano usiku. Mama hapigi simu saa tano usiku. Ikifika saa tatu yeye amelala, redio imebaki ikiongea peke yake. Kwa hivyo niliposhika simu nilikuwa nishajiandaa kusikia kuna mtu ametuacha.

"Wewe kijana," akaniambia, salamu hata hakuna, "hiyo picha yako mtoto wa jirani amenionyesha. Si uitoe."

"Gani, mama?"

"Unaijua. Itoe kabla hujalala."

Ilikuwa katuni. Nilikuwa nimechora kivuli cha mtu mnene, hana uso wala jina, anakimbia na gunia mgongoni, na nyuma yake foleni ya watu wameshika bakuli tupu. Ndio hiyo tu. Lakini kama ulikuwa Kenya wakati huo unajua hali ilikuwa aje. Kibet Bull, ambaye picha zake za vivuli zilizomdhihaki Rais tulikuwa tukizisambaza kama karanga, alikuwa amepotea. Vijana wengine pia walikuwa hawajulikani waliko, na polisi walikana kuhusika. Kila mtu mwenye kalamu na simu alikuwa anahesabu posti zake za nyuma.

Nikaifuta. Sitajifanya shujaa hapa. Nilihesabu hadi ishirini, nikaifuta, nikampigia mama kumwambia imetoka, akasema "Mungu akubariki" akakata simu. Januari 2025 Kibet Bull na wenzake kadhaa wakarudi kwao, nchi ikapumua, lakini mimi nilibaki na swali: kivuli kisicho na uso kilimtishaje mtu? Na nani aliamua kile kivuli ni cha nani?

Jibu, au kitu kinachokaribia jibu, nililipata miezi miwili baadaye kwa mwuza vitabu vya mtumba kando ya Tom Mboya Street. Kitabu chenyewe kilikuwa cha historia ya sanaa, jalada limeng'oka, kurasa zinanuka stima ya godoro la zamani. Alitaka mia tatu, tukaelewana mia na hamsini. Nilikifungua kwenye matatu, na ukurasa wa kwanza nilioangukia ulikuwa na vichwa vinne vimepangwa kwenye karatasi moja. Cha kwanza ni cha mzee mwenye nywele za kupinda na mashavu mazito. Cha pili, mashavu yameteremka kidogo. Cha tatu, macho na mdomo vimeanza kuzama. Cha nne ni tunda. Ni peasi kamili, na kikonyo chake juu.

(Peasi, kama hulijui, ni lile tunda jembamba juu, pana chini, kama mtu aliyekaa. Sio pera. Pera ni lile la mbegu nyingi tulilokuwa tunaiba kwa jirani.)

Huyo mzee alikuwa Louis-Philippe, mfalme wa Wafaransa. Na aliyechora alikuwa mshtakiwa aliyesimama mahakamani, akijitetea.

Wacha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hadithi hii bila mwanzo wake ni kichekesho tu.

Julai 1830, mfalme wa wakati huo, Charles X, alitoa amri za kuzima uhuru wa magazeti. Watu wa Paris wakajenga vizuizi barabarani, wakapigana siku tatu, naye akakimbia. Wenye mali na wanasiasa wakamweka binamu yake, Louis-Philippe, kiti kile kile kikiwa bado moto. Huyu alijitambulisha kama mfalme wa watu. Alitembea mjini na mwavuli kama karani. Katiba mpya iliyotolewa mwaka huo ilisema Wafaransa wana haki ya kuchapisha maoni yao na kwamba udhibiti wa uchapishaji hautarudi tena kamwe. Kumbuka hilo neno, kamwe.

Kijana mmoja kutoka Lyon aliyeitwa Charles Philipon aliiamini hiyo katiba. Umri wake ulikuwa miaka 30. Babake alikuwa mtengenezaji wa karatasi za kupamba kuta, kwa hivyo mambo ya rangi na uchapaji alikulia ndani yake. Tarehe 4 Novemba 1830, miezi minne hata haijaisha tangu mapinduzi, alitoa toleo la kwanza la gazeti la kila wiki, La Caricature. Maandishi mbele, na ndani yake picha kubwa za dhihaka. Mwandishi Honoré de Balzac alikuwa miongoni mwa walioliandikia, kwa majina ya kubuni.

Kilichowezesha haya yote ni teknolojia, kama tu kwetu. Zamani kuchapisha picha kulitaka fundi akae siku nyingi akichonga shaba au mbao. Mwishoni mwa karne ya 18 Mjerumani mmoja, Alois Senefelder, akagundua njia ya jiwe. Unachukua jiwe la chokaa lililosuguliwa laini, unachora juu yake kwa kalamu ya mafuta, unalilowesha maji, kisha unalipitishia wino. Mafuta hukataa maji na kushika wino, kwa hivyo wino unakaa tu pale ulipochora. Unalaza karatasi, unagandamiza, umemaliza. Mchoraji anachora kwa mkono wake mwenyewe kama anavyochora kwenye daftari, na nakala zinatoka kwa mamia. Njia hiyo inaitwa litografia. Kwa wakati ule ilikuwa kama mtu amekupa simu yenye intaneti ukiwa umezoea kutuma barua.

Gazeti lenyewe halikuwa la mwananchi wa kawaida. Kulilipia mwaka mzima ilikuwa faranga 52, pesa ambazo mfanyakazi hangetoa mfukoni kwa ajili ya kucheka. Lakini shemeji yake Philipon, Gabriel Aubert, alikuwa na duka la picha kwenye ujia wa Véro-Dodat, na kila picha mpya ilibandikwa dirishani. Ukishaiweka dirishani imekuwa ya kila mtu. Anayejua kusoma anamsomea asiyejua, mwenye haraka anachelewa kazini. Nikisoma hapo niliona wazi ile meza ya magazeti pale kwenye kituo cha basi, watu kumi wamesimama wanasoma vichwa vya habari na hakuna hata mmoja ananunua.

Sasa mahakamani. Katikati ya 1831 La Caricature ilichapisha picha ya mfalme kama fundi mwashi aliyeshika mwiko, anapiga plasta juu ya ukuta kufunika maneno ya mapinduzi ya Julai. Maana yake mtoto wa darasa la tatu angeielewa. Philipon akashtakiwa kwa kumtusi mfalme, na Novemba 1831 akafikishwa mbele ya majaji na wazee wa baraza.

Angeweza kuomba msamaha. Angeweza pia kusema hakumaanisha. Badala yake akajenga hoja ambayo bado nikiisoma naona raha ya mtu anayecheza drafti na tayari ameshaona hatua tatu mbele. Alisema hivi, kwa ufupi: nyinyi mnadai mchoro ule ni mfalme kwa sababu unafanana naye. Lakini haukuwa na jina lake, wala taji, wala alama yoyote ya ufalme. Kama kufanana peke yake ni hatia, basi tazameni. Akachora kichwa cha mfalme. Hiki kinafanana naye, mtakihukumu. Cha pili kinafanana na cha kwanza, mtakihukumu pia. Cha tatu kinafanana na cha pili. Na mkifika cha nne itabidi mlihukumu peasi, na kila peasi, na kitu chochote duniani chenye umbo hilo.

Wakamtia hatiani vilevile. Miezi 6 jela na faini ya faranga 2,000.

Lakini ona kilichotokea. Kabla ya siku hiyo peasi lilikuwa tunda. Baada ya siku hiyo, mahakama ya nchi, kwa muhuri wake, ilikuwa imethibitisha kwamba peasi na mfalme ni kitu kimoja. Philipon hakuhitaji kusema tena. Karatasi ile yenye vichwa vinne ikachapishwa na kuuzwa kusaidia kulipa faini, na mapeasi yakaota Paris yote. Kwenye kuta, kwenye milango, kwa makaa, kwa chaki. Neno lenyewe kwa Kifaransa cha mtaani humaanisha pia mtu mjinga, anayedanganyika kirahisi, kwa hivyo tusi lilikuwa la ghorofa mbili. Victor Hugo, katika Les Misérables, anasimulia jinsi mfalme akitembea jioni alimkuta mtoto mdogo anahangaika kuchora peasi kubwa kwenye nguzo ya lango, mkono haufiki juu. Mfalme akamsaidia kulimaliza, kisha akampa sarafu ya dhahabu yenye kichwa chake mwenyewe, akamwambia peasi liko hata hapo. Kama ni kweli, nitampa heshima yake. Kiongozi anayeweza kucheka hivyo anakuwa ameshinda nusu ya vita. Shida ni kwamba mawakili wake hawakuwa na ucheshi huo.

Mwaka wa 1832 Philipon alichapisha mchoro wa mnara wa kubuni: peasi kubwa juu ya jukwaa, mahali pale pale Paris ambapo Mfalme Louis XVI alikatwa kichwa mwaka wa 1793. Waendesha mashtaka wakasema huu ni uchochezi wa kumuua mfalme. Yeye akajibu kwamba kwa ubaya kabisa ungekuwa uchochezi wa kupika jemu. Niliposoma hapo nilicheka hadi mama aliyekaa karibu nami akasogeza mkoba wake.

Hii ndiyo siri ambayo mimi sikuwa nimeielewa usiku ule wa Krismasi. Mchoro wa dhihaka haumtaji mtu. Unaacha nafasi wazi, na anayekasirika ndiye anayekuja kuijaza kwa jina lake. Ukichora mwizi wa kuku bila uso, halafu jirani fulani akaja mlangoni kwako na rungu akiuliza kwa nini umemchora, ni nani sasa amesema jirani ni mwizi? Kivuli hakina kitambulisho. Anayekifuata ndiye anakipa.

Lakini tusimfanye Philipon malaika. Kuna kitu kinanikera kwenye hadithi ya peasi, na nimekifikiria sana. Mashavu ya mtu si kosa. Kuzeeka si kosa. Mapeasi mengi ya miaka ile yalikuwa yanachekesha kwa sababu tu mtu ni mnene, na hayo leo yangeitwa kumcheka mtu mwili wake. Hata sisi huku, ukitazama vibonzo vyetu vya viongozi, nusu ni tumbo na nusu ni kichwa. Mimi mwenyewe kivuli changu nilikichora kinene bila kufikiri, ati kwa sababu mla vya watu lazima awe mnene. Nani alisema? Nawajua wala vya watu wembamba kama ufagio.

Aliyevuka hapo alikuwa kijana wa Philipon, Honoré Daumier, mzaliwa wa Marseille, mtoto wa fundi wa vioo. Desemba 1831, akiwa na miaka 23, alichora picha aliyoiita Gargantua, jina la jitu la kale katika hadithi za Rabelais. Jitu limeketi kwenye kiti, kichwa chake ni lile peasi tunalolijua. Ubao mrefu umeegemezwa kutoka ardhini hadi mdomoni mwake. Upande wa chini maskini, wenye nguo zilizochanika na watoto mgongoni, wanatia sarafu zao za mwisho kwenye vikapu. Wabebaji wanapanda ubao na vikapu hivyo na kuvimwaga kinywani. Na kile kiti, ukikitazama vizuri, ni choo. Kinachotoka chini ni karatasi za vyeo, nishani na upendeleo, na wakubwa wadogo wamekusanyika hapo wakiokota kwa furaha. Hapo unene si wa kumcheka mtu. Ni hesabu. Unaona pesa imeingilia wapi na imetokea wapi. Ukitaka kumweleza mtu maana ya kodi na rushwa kwa picha moja, sijaona nyingine inayoifikia.

Polisi walichukua nakala na jiwe lenyewe. Februari 1832 Daumier, mchapaji wake na Aubert walifikishwa mahakamani, na Daumier akapewa miezi 6 na faini ya faranga 500. Mwanzoni hawakumfunga, pengine wakidhani atatulia. Hakutulia. Mwezi wa Agosti wakamchukua hadi gereza la Sainte-Pélagie, ambako Philipon naye alitumikia kifungo.

Hapa nataka nisimame, kwa sababu kuna watu watasema: unaona, hata Wafaransa walifungwa, hiyo ni kawaida. Sawa. Lakini Philipon alishtakiwa kwa jina lake, mchana, mbele ya watu. Alisikia mashtaka. Alijibu, akachora, akawachekesha. Aliposhindwa aliambiwa ni miezi mingapi na katika gereza lipi, na gazeti lake likaendelea kutoka akiwa ndani. Mama yake, kama alikuwa hai, alijua mwanawe yuko wapi na atatoka lini. Ule ulikuwa utawala wa mfalme, miaka karibu mia mbili iliyopita. Sitaki kusema zaidi.

Kitu kingine ambacho sikukijua ni kwamba hawa watu hawakuwa peke yao. Sisi tunawapenda mashujaa wa mtu mmoja mmoja, lakini faini zilikuwa zinaua gazeti polepole. Mwaka wa 1832 Philipon akaanzisha mpango alioupa jina L'Association mensuelle: unajiunga, kila mwezi unapata picha kubwa moja iliyochapwa kwa ubora, na pesa zinaenda kulipa faini. Kwa lugha yetu, harambee. Picha 24 zilitoka kwa njia hiyo. Na Desemba mwaka huo huo akaongeza gazeti la kila siku, Le Charivari, lenye picha mpya kila siku. Charivari ni desturi ya zamani ya vijiji vya Ufaransa: mtu akifanya jambo la aibu, wanakijiji wanakwenda chini ya dirisha lake usiku kupiga masufuria na vifuniko. Waliovaa sufuria kichwani kwenye maandamano ya 2023 huenda hawakujua wana ndugu huko.

Februari 1834, baada ya kupoteza kesi nyingine, Le Charivari lilichapisha hukumu ya mahakama ukurasani, neno kwa neno. Ila mistari ilipangwa ikawa mifupi juu, mirefu katikati, mifupi tena chini. Ukisogeza gazeti mbali kidogo na macho unaona hukumu yote ni peasi.

Halafu ikaja Aprili 1834, na hapa kicheko kinakoma.

Wafumaji wa hariri wa Lyon waliasi, na vurugu zikafika Paris. Katika vurugu hizo, askari waliodai kupigwa risasi kutoka nyumba nambari 12, mtaa wa Transnonain, waliingia ndani na kuua watu waliowakuta humo, takriban 12. Walikuwa watu waliokuwa nyumbani kwao.

Daumier alichora chumba. Kitanda kimevurugika, kiti kimeanguka. Mwanamume mwenye vazi la kulalia ameteleza kutoka kitandani, amelala sakafuni, na chini ya mwili wake, usipoangalia vizuri hutamwona, kuna mtoto mchanga. Gizani upande mmoja kuna mwanamke. Upande mwingine kichwa cha mzee. Hakuna askari kwenye picha. Hakuna mfalme. Hakuna peasi. Jina la picha ni jina la mtaa na tarehe tu: Rue Transnonain, le 15 avril 1834. Philipon mwenyewe aliwaandikia wasomaji kwamba hiki si kikaragosi. Ilitolewa kupitia ule mchango wa kila mwezi, watu wakasongamana kwenye dirisha la Aubert, kisha serikali ikakusanya nakala ilizozipata na jiwe likachukuliwa.

Nilifunga kitabu hapo. Nilikuwa nimepita kituo changu.

Mnamo Juni 2024 sisi tulikuwa tunacheka. Acha nikumbushe: mabango yalikuwa ya kuchekesha, nyimbo zilikuwa za kuchekesha, wanasiasa tuliwageuza vibonzo asubuhi na jioni, hata mimi nilipata wafuasi wengi wiki hizo kuliko mwaka mzima uliotangulia. Kisha tarehe 25 watu wakapigwa risasi nje ya Bunge. Jioni hiyo nilikaa na kalamu mkononi nikashindwa. Kila nilichochora kilikuwa na mzaha ndani yake, mkono ulishazoea. Nikaweka bendera nyeusi kama kila mtu, nikanyamaza. Daumier alikuwa amechora mapeasi kwa miaka, na siku ilipofika mkono wake ulijua kuacha. Na nadhani waliosongamana dirishani walimwamini kwa sababu ya hayo mapeasi. Mtu aliyekuchekesha kwa ukweli miaka mitatu, akija siku moja na uso mzito, unamsikiliza.

Mwisho wa La Caricature haukuletwa na mchoro. Tarehe 28 Julai 1835 mtu aitwaye Fieschi alifyatua mtambo wa mitutu 25 kutoka dirishani wakati mfalme akikagua askari. Watu 18 walikufa, mfalme akanusurika. Serikali ikapata sababu iliyokuwa ikiitafuta. Sheria za Septemba zikaja: kuanzia sasa hakuna mchoro utakaochapishwa bila kibali cha mapema. Na lile neno "kamwe" kwenye katiba? Walilizunguka kwa ustadi. Wakasema katiba inalinda maoni, na maoni ni maneno. Picha inasema na macho, kwa hivyo picha si maoni, ni kitendo. Unaona akili hiyo? Mahakamani walikuwa wanalazimika kila mara kusema kwa sauti kwamba peasi ni mfalme. Kwa sheria ya kibali hawakuhitaji kusema lolote. Karani mmoja anatikisa kichwa, mchoro umekufa kabla ya kuzaliwa.

La Caricature ilikuwa imeshafungwa mwezi Agosti. Le Charivari likabaki, na Philipon na Daumier wakatafuta mlango mwingine. Kama mfalme hachoreki, basi tutachora wanaofanana naye kwa tabia. Kati ya 1836 na 1838 wakatoa picha 100 za Robert Macaire, tapeli waliyemtoa kwenye jukwaa la michezo ya kuigiza: leo wakili, kesho daktari, keshokutwa mwenye kampuni anayeuza hisa za kitu ambacho hakipo. Daumier alichora, Philipon aliandika maneno. Mimi naona hizo ni bora kuliko mapeasi, ingawa najua wengi hawatakubaliana nami. Macaire ungekutana naye leo mjini akikuuzia ploti ya maji.

Februari 1848 Paris iliinuka tena. Louis-Philippe akakimbilia Uingereza akijiita Bwana Smith, na huko ndiko alikofia. Vibonzo vikarudi kwa muda, kisha Louis-Napoléon akaleta udhibiti upya. Sheria iliyoleta uhuru wa kweli kwa magazeti ya Ufaransa ilipita Julai 1881. Daumier alikuwa amekufa 1879, macho yamekaribia kupofuka.

Njia ya kutoka dirisha la Aubert hadi kwetu si ndefu vile unavyodhani. London walipoanzisha gazeti lao la dhihaka mwaka wa 1841, Punch, walilipa jina la pili: The London Charivari. Desturi hiyo ya Kiingereza ya katuni za magazetini ndiyo aliyokulia Terry Hirst, aliyekuja Kenya miaka ya 1960, na mwaka wa 1973 yeye na Hilary Ng'weno wakaanzisha jarida la Joe hapa Nairobi, la mtu wa kawaida anayecheka ili asilie. Baadaye wakaja kina Maddo na Gado. Babu yangu yeye hakuwa na habari na hao wote. Alikuwa akikata Juha Kalulu kutoka Taifa Leo na kuzibandika ukutani jikoni, moshi ukazifanya za kahawia.

Ile katuni yangu bado iko kwenye kompyuta. Sijairudisha. Kwanza nataka kumchora upya yule mtu awe mwembamba, na nifikirie vizuri kuhusu lile gunia. Lakini juzi, kwa ajili ya makala haya, nilichora peasi moja, kubwa, na kikonyo, nikaiweka bila maneno yoyote. Haikufika saa moja simu ikalia.

"Hilo tunda," mama akasema, "ni nani?"

"Mama, hilo ni peasi tu."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake nyuma.

"Lakini si kama linafanana na..."

"Mama," nikamkatiza, "tafadhali usimalizie."

Akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi ile, nilimsikia akicheka kwa sababu ya mchoro wangu. Halafu akaniambia nilitoe.